Pembe za Maniema na Nyuzi Zisizosukwa na Mtu

Mji wa Kindu, uliokaa ukingoni mwa mto Lualaba upande wa machweo, si mji mkongwe kwa kipimo cha miji ya Maniema, mashariki ya Kongo; maana Nyangwe na Kasongo, zilizoko juu yake kwa mkondo wa mto, zilikuwa zimekwisha kupata mashamba ya mpunga, masoko makubwa na nyumba za mtindo wa pwani, wakati jina la Kindu halijasikika mbali na kingo za mto wake. Kupanda kwake kulikuja na reli. Kampuni ya Baron Édouard Empain, iliyoasisiwa mwaka wa 1902, iliifanya Kindu kuwa mahali ambapo meli zipandazo kutoka Ponthierville, mji uitwao leo Ubundu, zilikomea safari yake, na shehena ikashushwa na kutiwa katika mabehewa yaliyokwenda hata Kongolo kwa njia ya kilomita 355, kwa kuwa katika nchi ile mto una miamba na maporomoko yasiyokubali chombo kupita. Wakoloni wakauita mji Kindu-Port-Empain, kwa kumtukuza mwenye mali. Jina hilo la pili likafa pamoja na dola yao, la kwanza likabaki.

Kabla ya reli, na kabla ya bati ya Kalima iliyochimbwa baadaye, jina la Maniema lilikuwa limekwisha kuvuka bahari kwa sababu ya pembe za ndovu. Historia ya pembe hizo imesimuliwa mara nyingi kwa upande wa vita na utumwa, na ni haki isimuliwe hivyo; illa iko habari nyingine ndani yake, ndogo kwa umbo hata jicho haliioni, ambayo haikujulikana na yeyote katika wale waliouana kwa ajili ya pembe, nayo ni habari ya jinsi kitu hicho kinavyojijenga chenyewe, uzi kwa uzi, bila mkono wa fundi. Rai yangu ni kwamba mtu hawezi kujua kwa ukamilifu kilichochukuliwa Maniema mpaka azisome habari hizo mbili pamoja, na ndiyo maana nimejasiri kuzitia katika makala moja.

Wasafiri wa zama zile waliandika kwamba katika vijiji vya Maniema pembe za ndovu zilisimamishwa kuwa miimo ya milango na nguzo za kushikilia mapaa, jambo ambalo kwa tajiri wa Unguja lilikuwa sawa na kusikia kwamba iko nchi ambayo watu wake huezeka kwa fedha. Habari kama hizo hazikawii kufika baharini. Waungwana wa pwani walikwisha kufanya makao Nyangwe, chini ya Mwinyi Dugumbi na wenziwe, pale David Livingstone alipofika mwaka wa 1871. Na tarehe 15 Julai ya mwaka huo akashuhudia sokoni pale, mbele ya macho yake, watu wa Dugumbi wakiwamiminia risasi wanawake waliokuja kuuza samaki na mihogo, hata mamia wakafa kwa risasi na kwa maji ya mto. Mwaka wa 1874 alikuja Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye ulimwengu wamjua kwa jina la Tippu Tip, akakutana na Mwingereza Cameron palepale Nyangwe. Na miaka miwili baadaye akamsindikiza msafiri Stanley sehemu ya safari yake ya kuteremka mto. Kasongo akaifanya kiti chake. Mtaji wa misafara yake ulitoka kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyekuwa Unguja, aliyetoa bidhaa kwa mkopo na kungoja miaka ili alipwe kwa pembe. Tippu Tip alituachia maisha yake kwa Kiswahili, yaliyochapwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, na ayasomaye ataona kwamba frasila, yaani ratili 35 au karibu kilo 16, ndiyo kipimo ambacho kwacho mwandishi alikumbuka nusu ya mambo ya umri wake: sultani huyu alitoa frasila kadha, vita ile ilileta frasila kadha. Wachukuzi waliozibeba kutoka Kasongo kupita Kabambare, Ujiji na Tabora hadi pwani, wengine wakiwa watumwa na wengine wakiwa watu wa ujira, hawakupewa nafasi kubwa katika hesabu hiyo.

Unguja, pembe zilichaguliwa kwa macho na kwa mkono. Zile zilizofaa kupelekwa Ulaya ziliitwa vilaiti, zilizotakiwa Bombay ziliitwa kachi, na ndogo ziliitwa kalasha. Mnunuzi alitia mkono katika tundu la shina la pembe kupima urefu wa uwazi wake, akatazama nyufa, akaligonga ganda kusikiliza sauti yake, kisha akahukumu kama ni pembe laini au pembe ngumu. Maana pembe laini ni nyeupe, haina harara ya kupasuka kwa mabadiliko ya hewa, na msumeno huipita bila kelele nyingi, ambapo ngumu hung'aa zaidi kwa ndani kama kioo chenye ukungu, lakini huvunjika upesi. Wanunuzi wale hawakujua sababu ya tofauti hiyo, wala hawakuihitaji. Laini zilipendwa mno na mafundi wa Connecticut huko Marekani, ambako viwanda vya Deep River na Ivoryton, na jina la mji huu wa pili latokana na pembe zenyewe, vilizipasua kuwa vibao vyembamba vya kufunika vibonye vya piano, na vibao hivyo vikaanikwa juani kwa majuma katika nyumba ndefu za vioo mpaka viwe vyeupe sawasawa. Zile zilizokwenda Bombay zikawa bangili za maharusi, na bangili hizo mjane alizivunja alipofiwa. Mpira wa biliadi nao ulitaka pembe, tena iliyonyooka, ili katikati ya mpira iwe katikati ya jino. Na ndio uliofanya kampuni ya Phelan na Collender ya New York, mnamo mwaka wa 1863, kutangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayetengeneza kitu cha kushika nafasi yake. Kwa ushawishi wa zawadi hiyo John Wesley Hyatt akaingia katika majaribio yaliyozaa seluloidi, na hivyo plastiki ya kwanza ya biashara ikatoka, kwa namna ya kusema, katika upungufu wa ndovu.

Habari ya Dola Huru ya Kongo nitaipita kwa haraka, kwa kuwa imeandikwa sana. Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji na mwenye dola hiyo, alimfanya Tippu Tip kuwa wali wake wa Stanley Falls mwaka wa 1887, naye akaondoka mwaka wa 1890 asirudi tena. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, mfalme akatoa amri iliyozifanya pembe na mpira wa miti katika majimbo kadha kuwa mali ya dola. Na baina ya 1892 na 1894 jeshi la dola hiyo, chini ya Francis Dhanis, likapigana na Waarabu na Waungwana wa Maniema, likaitwaa Nyangwe mwezi wa Machi 1893 na Kasongo mwezi wa Aprili, na Sefu bin Hamed, mwana wa Tippu Tip, akafa katika vita hivyo. Njia ya pembe ikageuka. Zilizokuwa zikipanda mashariki kwenda Unguja sasa zikateremka magharibi kwa mto kwenda Antwerp, ambako mnada wa pembe ulianzishwa mwaka wa 1888 na haukukawia kuushinda mnada wa London. Vita vilivyopiganwa kwa jina la kuondoa utumwa viliacha mnunuzi mpya na wachukuzi walewale.

Wakati wote huo walikuwako Maniema watu waliozitumia pembe kwa kazi isiyohusiana na frasila. Hao ni Warega, wakaao katika misitu ya Pangi na Shabunda na Mwenga, mashariki ya Kindu. Katika chama chao cha Bwami, ambacho mtu hupanda daraja kwa daraja kwa malipo, kwa mafunzo na kwa mwenendo mwema, pembe ya ndovu ni ya daraja ya juu kabisa iitwayo kindi. Wala si kila mwenye kindi, bali waliofika kilele chake, lutumbo lwa kindi, ndio wamilikio zile sanamu ndogo za pembe ziitwazo iginga. Sanamu hizo hazizidi kimo cha kushikika mkononi. Uso wake una umbo la moyo, macho ni kama mbegu, na mwilini zimetobolewa duara zenye nukta. Hazikuwekwa ili zitazamwe. Zilitolewa katika mafunzo, zikapangwa chini, zikazungushwa mikononi huku mithali zikitajwa, na kila moja ikachukua maana ya mithali yake, kisha zikarudishwa mkobani. Daniel Biebuyck, aliyekaa na Warega katika miaka ya 1950 akaandika habari zao kwa upana, ameeleza jinsi wenye sanamu walivyozipaka mafuta, aghalabu ya mbarika, kila zilipotolewa. Kwa kupakwa huko miaka kwa miaka, na kwa kushikwa na mikono ya warithi, pembe nyeupe ikageuka kuwa ya rangi ya asali, na nyingine ikawa nyekundu kama udongo wa mto, na juu yake ukapatikana ulaini ambao hakuna patasi iwezayo kuufanya. Imeandikwa pia kwamba sanamu nyingine zilikwanguliwa kidogo, na unga wake mgonjwa akanyweshwa pamoja na maji. Serikali ya Kibelgiji iliipiga marufuku Bwami mwaka wa 1948, kwa kuiogopa kama ilivyoogopa kila jamaa iliyokuwa na siri.

Sasa tuiulize pembe yenyewe ni kitu gani.

Pembe ya ndovu kwa hakika ni jino, jino la mbele la taya ya juu, lililoacha kutafuna likatoka nje. Kujua limejengwa kwa nini, majaribio mawili yatosha, na yote mawili yalijulikana kwa mafundi kabla ya wataalamu wa leo. La kwanza ni la moto: pembe ikichomwa mpaka ikome kutoa moshi, hubaki jivu jeupe lenye umbo la pembe lakini likiguswa humomonyoka, na jivu hilo ni madini, jamii ya chokaa na fosfati, ambayo ni zaidi ya nusu ya uzito wa jino. La pili ni la asidi: kipande chembamba kikitiwa katika asidi ya fosfori na kuachwa humo, madini huyeyuka yote, na kinachobaki nacho kina umbo la pembe vilevile, ila sasa kinapindika kama kipande cha ngozi mbichi na ukikivuta hakikatiki. Hicho kilichobaki ni kolajeni. Kwa hiyo pembe ni vitu viwili vilivyoingiliana, kimoja kigumu na kivunjikao, kingine laini na kisichokatika, na kila kimoja kimelijaza umbo zima. Mafundi wa Ulaya waliitumia asidi kufanya pembe iwe laini na ipindike. Nadhani hawakuwa na habari kwamba walikuwa wakiuvua mfupa nguo yake na kuiacha nguo imesimama.

Kolajeni ni protini, na kila protini ni mnyororo wa peptidi, yaani asidi za amino zilizoungwa moja baada ya moja. Katika kolajeni ya meno na mifupa, minyororo mitatu, kila mmoja wenye asidi za amino kama 1,000, husokotana kuwa kamba moja yenye urefu wa nanomita 300 na unene wa nanomita moja na nusu. Na nanomita ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni. Siri ya msokoto huo ilifumbuliwa Madras, ng'ambo ya pili ya bahari yetu, na G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha katika miaka ya 1954 na 1955: kila asidi ya tatu katika mnyororo lazima iwe glisini, iliyo ndogo kuliko zote, kwa sababu katikati ya minyororo mitatu hapana nafasi ya kitu kikubwa zaidi. Seli zinazoitengeneza, ambazo katika jino la ndovu zimekaa ukutani mwa lile tundu ambalo mnunuzi wa Unguja aliingiza mkono wake, huzitoa kamba hizo zikiwa na vipande vya ziada katika ncha zake, ili zisishikane mapema ndani ya seli na kuiua. Nje ya seli, vipande hivyo hukatwa. Mara hiyo kamba huanza kujipanga zenyewe ubavu kwa ubavu, kila moja ikitangulia jirani yake kwa nanomita 67, si zaidi wala si pungufu, mpaka zifanye uzi mnene, na nyuzi zikifanya tabaka, na madini yakiingia katika mapengo yaliyoachwa. Ni mkeka unaojisuka wenyewe, ambao ukili wake hujua zamu yake bila msusi. Mistari yenye kukatana ionekanayo katika pembe iliyokatwa upana, ambayo Mjerumani Schreger aliieleza mwaka wa 1800 na ambayo hadi leo maofisa wa forodha huitumia kutenga pembe ya ndovu na mfupa, ni alama ya mpangilio wa ndani wa jino iliyokua hata jicho likaiona.

Yeyote aliyechemsha miguu ya ng'ombe kwa muda mrefu, akaacha mchuzi ulale usiku katika sufuria, amekwisha kuona jambo hili kwa macho yake. Moto umezifungua kamba za kolajeni. Asubuhi mchuzi umeganda na kijiko kinasimama, kwa kuwa zilipopoa minyororo ilitafutana tena na kujisokota ilivyoweza, bila kuagizwa na mtu. Haikurudi kuwa mshipa wala mfupa, maana kilichovunjwa na moto hakirudi kwa ukamilifu, walakini ilijaribu.

Wataalamu waliotaka kuiga kazi hii hawakuanza na kolajeni, ambayo ni ndefu mno. Walianza na peptidi fupi, na wa kwanza wao waliifikia njia hii kwa bahati. Shuguang Zhang, akifanya kazi katika chuo cha MIT huko Marekani, aliona katika protini moja ya hamira kipande cha asidi 16 chenye tabia ya ajabu: upande wake mmoja ulikuwa ukikimbia maji, na upande wa pili ukiwa na chaji za umeme za kuvutana, chanya na hasi kwa zamu. Alipokitengeneza kipande hicho peke yake na kukitia katika maji yenye chumvi, kilijipanga kuwa utando wa kuonekana kwa macho, na habari yake ikachapwa mwaka wa 1993. Kutoka hapo walitunga peptidi ya pili ya asidi 16, iitwayo RADA16, ambayo katika chupa ni majimaji matupu, lakini ikikutana na chumvi za damu hugeuka rojo la nyuzi nyembamba sana, rojo ambalo karibu lote ni maji. Ndugu yake huyo leo ameingia hospitalini: huko Japani kampuni ya 3-D Matrix huiuza kwa jina la PuraStat, na daktari anayetia mpira wa kamera tumboni mwa mgonjwa huimwaga penye kidonda kinachovuja damu, ikaziba. Haina kitu cha mnyama ndani yake, jambo ambalo kwa mgonjwa anayejali halali na haramu si dogo.

Huko Leeds, Uingereza, Amalia Aggeli na wenziwe walieleza mwaka wa 1997 peptidi zinazojipanga kuwa tepe na rojo, na katika jamaa hiyo ikatoka peptidi ya asidi 11 tu iitwayo P11-4, ambayo kazi yake inarudi moja kwa moja katika habari yetu, maana ni kazi ya meno. Jino linapoanza kuoza huonyesha kwanza doa jeupe katika tabaka gumu la nje, kwa sababu madini yameanza kuyeyuka chini ya uso. Daktari hulisafisha, akadondosha tone la peptidi, nayo huzama ndani ya vitundu, na humo, kwa ukali wa asidi uliomo na kwa chumvi, hujisuka kuwa kiunzi, na madini ya mate ya mtu mwenyewe yakaja kukaa juu ya kiunzi hicho. Mashine ya kutoboa haitumiki. Samuel Stupp na wenzake, katika chuo cha Northwestern karibu na Chicago, walitangulia kuonyesha mwaka wa 2001 kwamba nyuzi za peptidi walizozitunga waliweza kuzifanya ziyapange madini ya mfupa yaelekee upande mmoja na uzi, kama yanavyofanya katika mfupa wa kweli. Nao Meital Reches na Ehud Gazit wa Tel Aviv, mwaka wa 2003, walichukua kipande kifupi kuliko vyote, asidi mbili tu, wakakiona kikijikunja kuwa mirija myembamba, na ndani ya mirija hiyo wakapitisha fedha wakapata nyaya nyembamba mno.

Kipande hicho cha Gazit hakikuokotwa mahali pa heri. Kilitoka katika moyo wa peptidi ambayo hujikusanya katika ubongo wa wazee wenye maradhi ya Alzheimer, ikawa madoa yasiyoondoka. Nalitaja hili kwa sababu waandishi wengi wa mambo ya sayansi huusifu ujenzi huu wa wenyewe kwa wenyewe kama kwamba ni baraka tupu. Ukweli ni kwamba peptidi haijui inajenga nini, na kanuni ileile iliyosimamisha jino la ndovu huweza kumharibia mtu fahamu zake. Fauka ya hayo, vitu hivi havijakuwa vya bei nafuu, kwa kuwa peptidi iliyotungwa maabara huungwa asidi moja baada ya nyingine na kila hatua ina gharama, na ndio maana hutumika kwa matone hospitalini, si kwa magunia. Mwenye kudhani kwamba siku moja zitasimama mahali pa pembe sokoni amekosea mlango. Kazi hiyo seluloidi na ndugu zake zimekwisha kuifanya, na tangu mataifa yalipokubaliana mwaka wa 1989 kuikataza biashara ya pembe baina ya nchi na nchi, soko lenyewe limebaki kwa sehemu kubwa la wezi.

Zile iginga za Warega, kwa upande wake, zilitawanyika. Nyingi zimo Tervuren, karibu na Brussels, katika jumba ambalo asili yake ni maonyesho ya Leopold ya mwaka wa 1897, ambako mfalme aliwapa wachongaji wa Ubelgiji pembe za Kongo ili wazitangaze. Nyingine zimo Los Angeles, katika jumba la Fowler, zikiwa zawadi ya mtu aliyeitwa Jay Last. Na mtu huyu, ambaye alizikusanya kwa mapenzi tangu miaka ya 1960, alikuwa mmoja wa wanane walioasisi kampuni ya Fairchild Semiconductor, walioufundisha ulimwengu kuchora saketi za umeme juu ya kipande cha silikoni kisichozidi ukucha. Sijui kama aliwahi kufikiri, akiishika sanamu moja mkononi, kwamba vilivyomo ndani yake vimepangwa kwa udogo ambao viwanda vyake vya wakati ule havikuweza kuukaribia. Sijaona alipoandika juu ya hilo, nami sitamsemea.

Ndovu wenyewe hawajamalizika. Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyotangazwa mwaka wa 2016 katika misitu iliyoko magharibi ya Lualaba, baina ya Maniema na Tshopo, imebaki na ndovu wa msituni, na askari wake wanawalinda dhidi ya watu wenye bunduki za vita.

Kindu sasa ina chuo kikuu chake, na wanafunzi wake, mathalan wale watokao Pangi, wako karibu na wazee wa kindi kuliko mtaalamu yeyote wa Leeds au wa Tervuren. Maabara za nje zinajua jinsi kolajeni inavyojisuka. Lakini ni mafuta gani yaliyopakwa, kwa majira gani, kwa majani gani yaliyosuguliwa, na pembe ilibadilika vipi katika mikono ya warithi watatu au wanne, hayo ni maarifa ya kitu hikihiki ambayo hayakupatikana katika maabara yoyote na yanaondoka kila mzee mmoja anapozikwa. Mwenye babu aliyefika kindi na amwendee mwaka huu, amwombe ruhusa kwa adabu inayompasa, na aandike yale ambayo mzee atakubali yaandikwe, kwa Kirega na kwa Kiswahili.